Nyumba ya Mchungaji Camden: kwa nini 7th Heaven ilidumu misimu 11 na kuagwa mara mbili

Mei 8, 2006, watazamaji wapatao milioni 7.5 nchini Marekani walikaa kuiaga familia ya Mchungaji Eric Camden. Msimu wa 10 wa tamthilia ya 7th Heaven ulikuwa unafungwa, na kituo kilikuwa kimeshatangaza kwamba hakuna mwingine. Waandishi wakaamua kuondoka kwa kishindo. Matt, mtoto wa kwanza, yeye na mkewe wanatarajia mapacha wa kiume. Mary, ambaye ndoa yake ilishahesabiwa imekufa, kumbe karudiana na mumewe na ana mimba ya mapacha wa kike. Lucy naye, mapacha wa kiume. Jozi tatu za mapacha ndani ya saa moja! Hata mtu aliyekomaa kwa tamthilia za Kifilipino hapo lazima acheke kidogo.

Septemba mwaka huohuo familia ikarudi hewani kana kwamba haikuaga mtu. Mimba ya Lucy imeharibika. Simon haonekani. Ruthie yuko masomoni Scotland. Na ndani ya nyumba wamejaa vijana ambao mtazamaji wa Mei hakuwahi kuwaona.

Ukiitazama tamthilia hii kama hadithi tu, mambo haya hayana kichwa wala miguu. Ila karibu kila tukio kubwa la nyumba ile, awe mtoto aliyezaliwa, aliyehama au mgeni aliyekuja kulala wiki moja akakaa miaka, lina sababu iliyoko nje ya nyumba: mkataba wa mwigizaji, sheria ya kazi ya California, ugonjwa, mtangazaji wa biashara, au kampuni mbili zilizoamua kuungana. Kwa hiyo tuanze na nyumba, halafu tutoke nje tuone nani alikuwa analipa bili.

Eric Camden, aliyeigizwa na Stephen Collins, ni mchungaji wa kanisa katika Glenoak, mji wa kubuni uliowekwa California. Mkewe Annie, aliyeigizwa na Catherine Hicks, hana ajira ya ofisini, lakini hakuna jambo la nyumba ile lisilopita mikononi mwake, kuanzia sufuria hadi bomba linalovuja. Walianza na watoto watano: Matt, Mary, Lucy, Simon na Ruthie. Watano na wazazi wawili ni saba, na jina la tamthilia linakubali. Msimu wa tatu wakazaliwa mapacha Sam na David, watoto wenyewe wakawa saba, jina likakubali tena. Juu ya hao ongeza mbwa, Happy.

Mtunzi wake ni Brenda Hampton, aliyetokea kwenye uandishi wa vichekesho vya televisheni, na hilo linaonekana tangu saa ya kwanza kabisa iliyorushwa Agosti 26, 1996. Simon anasali apate mbwa. Lucy anasubiri kuvunja ungo na kuona rafiki zake wote wamemtangulia. Matt anavuta sigara kwa siri. Mary anataka kujua kubusiana kukoje. Na mama yao anabeba habari nzito kwamba bibi yao anaugua saratani ya damu. Kila mtu ana siri moja, kila siri inajulikana na mtu mmoja asiyetakiwa kuijua, na wote wanakutana ngazini. Huo ni ufundi wa vichekesho uliopewa mambo ya kulia. Yeyote aliyekulia nyumba ya mchungaji, au jirani na nyumba ya mchungaji, anajua kwamba hapo Hampton alipatia: watoto wa mchungaji wanaishi wakitazamwa na usharika mzima, na siri kwao ni mali.

Kwa maoni yangu misimu mitatu ya mwanzo ndiyo bora. Baada ya hapo mchungaji anageuka kuwa mpekuzi. Anasikiliza mlangoni, anafuata wachumba wa binti zake, anaingilia ndoa za watu ambao hawajamwomba ushauri. Wakosoaji walimsema sana, na sidhani walimwonea. Watazamaji hawakujali.

Mwaka 1996 nani alikuwa na hamu ya kurusha tamthilia ya mchungaji? Kwa muda mrefu Marekani ilikuwa na kanuni zilizobana mitandao mikubwa ya televisheni isimiliki vipindi vingi inavyovirusha. Studio zikatengeneza, mitandao ikanunua. Kanuni hizo zilipofikia mwisho katikati ya miaka ya 1990, studio ziliogopa: kama mitandao inaweza kujitengenezea vipindi, nani atanunua vyetu? Warner Bros. wakaanzisha mtandao wao, The WB, Januari 11, 1995. Siku tano baadaye ukazaliwa mwingine, UPN, wenye mkono wa studio ya Paramount. Walikuwa watoto wadogo mbele ya ABC, CBS, NBC na Fox, na hawakuweza kushindana kila mahali. The WB ikachagua vijana.

Shida ya vijana ni kwamba Jumatatu saa mbili usiku wanaotawala rimoti ni wazazi. 7th Heaven ilitatua hilo kwa njia rahisi: ndani ya nyumba moja kulikuwa na kijana wa miaka 16, wasichana wawili wanaoingia ujana, mvulana wa shule ya msingi, kitoto cha miaka mitano na wazazi wenye umri wa walipa kodi. Kila mtu sebuleni alikuwa na wake. Mtayarishaji alikuwa Aaron Spelling, mzee aliyejipatia utajiri kwa tamthilia za matajiri wanaovuana nguo na warembo wanaokimbizana ufukweni. Kumwona Spelling akitengeneza kipindi cha mchungaji kuliwashangaza wengi. Mwisho wa hesabu, mchungaji ndiye aliyemdumia kuliko wote: misimu 11, sehemu 243. Februari 1999, usiku Annie alipojifungua mapacha, walitazama watu milioni 12.5, idadi ambayo The WB haikuifikia tena kwa kipindi chochote hadi ilipofungwa.

Hapo ndipo linapoingia suala la dini, ambalo watu wengi hulielewa vibaya. Kwa kuwa baba ni mchungaji, wengi hudhani hiki ni kipindi cha injili. Kitazame kwa makini. Kanisa la Camden ni la Kiprotestanti, basi. Halisemi kama ni la Kimethodisti, la Kibaptisti au la Kilutheri. Mahubiri ni mafupi na karibu yote yanahusu tabia: usiseme uongo, msaidie jirani, msamehe ndugu yako. Yesu anatajwa mara chache kuliko ambavyo ungetegemea katika nyumba ya mtumishi. Huo haukuwa usahaulifu. Ukilitaja dhehebu, umewapunguza watazamaji wa madhehebu mengine. Ukihubiri toba kwa ukali, mtangazaji wa sabuni anaanza kujikuna. Mchungaji asiye na dhehebu anaweza kuingia kila sebule.

Pale kipindi kilipothubutu kugusa dini yenyewe, kilifanya vizuri zaidi. Msimu wa kwanza kuna familia ya Mchungaji Morgan Hamilton, Mmarekani mweusi, rafiki wa Eric, ambaye kanisa lake linachomwa moto. Familia yake inahamia kwa Camden, na watoto wa nyumba mbili wanalazimika kuzungumza mambo ambayo wazazi wao walikuwa wanayazunguka. Mwaka 1996 makanisa ya watu weusi kusini mwa Marekani yalikuwa yanachomwa kweli, kiasi kwamba Rais Clinton aliunda kikosi kazi cha kitaifa na Bunge likapitisha sheria ya kuzuia uchomaji wa makanisa mwaka huohuo. Watazamaji walitoka kwenye taarifa ya habari wakaikuta habari ileile mezani kwa Camden.

Miaka kadhaa baadaye Matt akampenda Sarah Glass, binti wa rabi. Hapa kuna jambo la kufurahisha kwa anayependa kuchungua. Matt na Sarah walifunga ndoa ya siri usiku wa miadi yao ya kwanza. Ya kwanza! Tukio hilo lilichekwa sana, lakini lina mantiki yake ukiangalia nje ya nyumba. Taasisi iliyoitwa Parents Television Council, iliyokuwa ikifuatilia maadili ya televisheni, iliisifu 7th Heaven mwaka hadi mwaka, na sifa hizo zilikuwa mtaji kwa watangazaji wa biashara. Sasa una waigizaji warembo wa miaka ishirini na kitu, una watazamaji vijana wanaotaka mapenzi, na una sifa ya kipindi safi. Mapenzi bila kitanda hayaendi mbali. Kitanda bila ndoa hakiruhusiwi. Kilichobaki ni kuwahi kanisani. Ndiyo maana kadiri misimu ilivyosonga kila mtu alikuwa anachumbiwa, na ndoa ikawa dawa ya kila homa. Huu ni usomaji wangu, si tamko la watayarishaji, lakini hesabu mwenyewe pete zilizotolewa kuanzia msimu wa sita uone.

Hata biashara yenyewe iliingia ndani ya nyumba ile. Katika misimu ya mwisho biskuti za Oreo zilipewa nafasi ndani ya mazungumzo ya familia, kwa malipo, hadi chama cha waandishi wa Hollywood kikaitumia 7th Heaven kama mfano walipokuwa wanalalamika kwamba wanalazimishwa kuandika matangazo ya biashara ndani ya tamthilia.

Turudi kwa watoto, maana huko ndiko mkanganyiko ulikozidi.

Mapacha Sam na David walipokuwa wachanga waliigizwa na watoto wanne waliozaliwa pamoja, wa familia ya Brino, mmoja wao msichana. Kwa nini wanne kwa nafasi mbili? Kanuni za California zinasema mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kuwapo studio kwa saa mbili tu kwa siku, na ndani ya saa hizo anaruhusiwa kufanya kazi dakika 20. Dakika 20! Mwongozaji akisema “tuanze”, mtoto akalia, akabadilishwa nepi, akalala, muda umekwisha. Ukiwa na wanne wanaofanana, unambadilisha mmoja kwa mwingine na kazi inaendelea. Walipokua, wakabaki wawili, Lorenzo na Nikolas, na wakaendelea hadi mwisho. Mtazamaji nyumbani aliona mama amembeba mtoto wake. Studio walikuwa wanatazama saa.

Mary ana kisa kirefu zaidi. Jessica Biel alianza akiwa binti mdogo anayecheza mpira wa kikapu, mtoto mwenye msimamo kuliko wote. Kadiri alivyokua alitaka filamu na chuo, na mwaka 2000 picha alizopiga kwa ajili ya jarida moja la wanaume zilizua kelele kubwa kwa kuwa hazikufanana na binti wa mchungaji. Ndani ya tamthilia Mary akaanza kuharibika: kazi zinamshinda, marafiki wabaya, pombe. Wazazi wakampeleka Buffalo, New York, kwa babu na bibi yake upande wa baba, mzee wa jeshi asiyecheka ovyo. Kwa mtazamaji wa kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mtoto akishindikana mjini, anapelekwa kijijini kwa babu anyooshwe. Wamarekani wengi walichukia. Walimwona Mary aliyeadhibiwa kwa makosa ambayo waandishi walimtungia ili wapate sababu ya kumwondoa, na malalamiko hayo bado unayasikia kwa mashabiki wa zamani. Nadhani wana hoja.

Matt aliondoka mwishoni mwa msimu wa sita kwenda kusomea udaktari New York na mkewe. Mwigizaji wake, Barry Watson, mwaka 2002 aligundulika kuwa na saratani ya tezi za limfu, akatibiwa, akapona, na baadaye akawa anarudi kama mgeni. Simon naye alienda chuo, na David Gallagher aliyemwigiza alikwenda chuo kweli.

Mikataba nayo huenda ilikuwa na mchango wake. Sheria ya California hairuhusu mtu afungwe kwenye mkataba wa kazi binafsi kwa zaidi ya miaka saba, kwa hiyo mikataba ya waigizaji wa tamthilia huandikwa miaka sita au saba. Ikifika ukingoni, mtoto uliyemlipa kidogo mwaka 1996 anarudi mezani akiwa nyota, na meneja wake. Ama umwongeze donge nono, ama umwandikie safari.

Na nyumba ikibaki tupu je? Waandishi walileta wapangaji. Robbie, aliyekuwa mpenzi wa Mary, alihamia kwa Camden wakati Mary mwenyewe ameshaondolewa. Kevin Kinkirk, askari polisi, akaja akamwoa Lucy. Martin, kijana ambaye baba yake ni mwanajeshi aliye vitani, akapewa chumba. Kwa msomaji aliyezoea nyumba ambamo binamu, shangazi na mtoto wa rafiki wa baba wote wanakula sahani moja, haya hayahitaji maelezo. Kwa Hollywood yalikuwa njia ya bei nafuu ya kuingiza sura mpya za ujana kwa mikataba mipya, bila kubomoa sebule.

Lucy ndiye aliyebaki. Beverley Mitchell alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na mhusika wake, aliyeanza kama binti wa kulialia, akasomea theolojia na kuwa mchungaji msaidizi kwenye kanisa la baba yake. Katika mambo yote ambayo tamthilia hii ilijenga taratibu bila kupiga tarumbeta, hili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mwanamke madhabahuni, kwenye kipindi kilichopendwa na wahafidhina, na hakuna aliyeandamana.

Sasa lile fumbo la kuaga mara mbili.

Studio ya Marekani inapouza tamthilia kwa mtandao, kwa kawaida inauza chini ya gharama. Hasara hiyo hurudishwa baadaye kwa kuuza marudio kwa vituo vinavyorusha kila siku. Lengo la kihistoria lilikuwa kufikisha sehemu 100, kwa sababu ukirusha tano kwa wiki, 100 zinakupa wiki 20 kabla ya kurudia. 7th Heaven yenye sehemu 243 inakaribia kukutoshea mwaka mzima. Aliyemiliki marudio hayo alikuwa na mgodi. Lakini mmiliki hakuwa The WB. Kampuni ya Spelling ilikuwa mali ya Viacom, kampuni kubwa ya burudani, na baada ya Viacom kugawanyika mwishoni mwa 2005, ikaangukia upande wa CBS. The WB ilikuwa inamlipa mshindani kwa kipindi ambacho kila mwaka kinapanda bei, huku kipato cha matangazo hakipandi. Faida ya baadaye haikuwa yake. Ndiyo sababu iliamua msimu wa 10 uwe wa mwisho, ingawa watazamaji bado walikuwepo.

Januari 2006, wakati msimu huo unaendelea, ikatangazwa kuwa The WB na UPN zote zinafungwa na kuzaa mtandao mmoja, The CW. Herufi C ni ya CBS, W ni ya Warner. Ghafla, nusu ya mwenye mtandao ndiye mwenye tamthilia. Kilichokuwa gharama kwa The WB kikawa kwa CBS hela inayotoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Mtandao mpya pia ulihitaji jina linalofahamika la kuanzia nalo. Yale machozi ya Mei 8 yalithibitisha kwamba watu wapo, na siku chache baadaye 7th Heaven ikapewa msimu wa 11, kwa masharti ya kubana matumizi.

Masharti hayo ndiyo uliyoyaona kwenye skrini. Ruthie alikaa Scotland nusu ya msimu kwa sababu mwigizaji wake hakulipwa kwa msimu mzima. Simon hakurudi kabisa. Vijana wapya, T-Bone, Jane na Margaret, walikuja kujaza vyumba. Jozi tatu za mapacha ziliandikwa na watu walioamini hawatalazimika kuwalea. Msimu uliporudi, na Lucy ndiye aliyekuwa bado anaishi jirani na kamera, mapacha wake ndio waliotolewa. Ni ukatili wa kalamu, na uliwaumiza watazamaji waliowahi kupitia msiba kama huo. Mchungaji Camden akapewa ugonjwa wa moyo na miezi michache ya kuishi, kisha akapona. Oktoba kipindi kikahamishwa kutoka Jumatatu, siku iliyokizoea kwa miaka kumi, kwenda Jumapili, na watazamaji wakapungua sana. Mei 13, 2007 familia ikapanda gari kubwa la safari ikaondoka, safari hii kwa kweli. Spelling hakuliona hilo. Alifariki Juni 2006.

Mgodi wa marudio ulitikiswa Oktoba 2014, ilipovuja rekodi ya sauti ya Stephen Collins. Desemba mwaka huo alikiri kupitia jarida la People kwamba kati ya 1973 na 1994 alitenda vitendo vya kingono visivyofaa dhidi ya wasichana watatu wenye umri mdogo. Vituo vilivyokuwa vinarusha marudio, UP na TVGN, vilikiondoa kipindi hewani mara tu rekodi ilipotoka. Tamthilia nyingine mwigizaji akichafuka unaweza kuruka sehemu zake. Hapa aliyechafuka ndiye aliyekuwa akikaa kitandani kwa watoto akiwafundisha jema na baya, karibu kila wiki kwa miaka 11.

Waigizaji wa Marekani hulipwa kiasi kidogo kila marudio yanaporushwa au kuuzwa, na malipo hayo huwafuata hata watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Kituo kinapozima kipindi kwa sababu ya mmoja, mfereji unakauka kwa wote: Hicks, Mitchell, Gallagher, na akina Brino ambao kazi yao ya kwanza duniani ilikuwa dakika 20 kwa siku.